Ekseli Niliyosema ni Mpya

Wapo wanaosema nilipigwa na jua. Mke wangu alisema hivyo mwezi mzima, akawa ananiwekea kitambaa chenye maji kichwani kama mtoto mwenye homa. Sigombani nao. Jua la Dodoma mwezi wa kumi, saa saba mchana, linaweza kumwonyesha mtu mengi. Lakini niambie wewe unayenisikiliza: jua linaweza kufungua nati ya gurudumu, likatoa ekseli nzima na kufunga nyingine mbovu? Mimi nimeshika spana tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Najua kazi ya jua na najua kazi ya mkono. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na mtu alipoteza mguu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa tena. Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu, na nilikuwa nimepunguzwa kazi kwenye karakana ya serikali. Nikafungua gereji ndogo uani kwangu, Chang'ombe. Kila Jumapili tulikuwa tukikutana pale wazee watatu wenye ugonjwa mmoja, pikipiki za Kiingereza za zamani, zile za silinda moja ambazo mlio wake unausikia tumboni kabla ya masikioni. Mzee Swalehe, mtu wa Kondoa, mfanyabiashara wa ufuta na asali, alikuja na birika la kahawa. Mzee Chedego, bwana mifugo mstaafu, alikuja kutoka kwake huko mbele ya Mvumi, na siku nyingine alitoroka kanisani kabla ya matangazo. Na mimi, Mngoni niliyeletwa Dodoma na uhamisho nikasahau kurudi.

Usifikiri tulikuwa tunacheza. Miaka ya dhiki, kabla ya ruksa, hapakuwa na spea hata ya dawa. Gasketi tulikata kwenye maboksi ya sabuni. Ringi za lori tulizipunguza kwa tupa mpaka zikaingia kwenye pistoni zetu. Klachi ya Swalehe ilikuwa ya vizibo: tuliokota vizibo vya chupa za mvinyo, tukavipanga kwenye sahani ya klachi, tukavisaga kwa msasa vikalingana. Swalehe, ambaye hajawahi kuonja mvinyo maishani mwake, alikuwa akiapa kwamba pikipiki yake inakwenda upande upande kila Ijumaa.

Chedego ndiye aliyekuwa na sikio. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayonguruma, mpini wake kwenye mfupa wa sikio, akafumba macho. Kisha anasema, "Valvu ya kutolea moshi. Imelegea." Tunafungua, ni kweli. Mimi nilikuwa na mikono. Wenzangu waliniita Hashindwi, na kila nilichokitengeneza nilikigonga nukta tatu kwa msumari wa chuma cha pua, ili fundi mwingine akikifungua ajue ni kazi ya nani. Jina lile la Hashindwi nililipenda. Sasa nakwambia wazi, nililipenda kupita kiasi.

Siku moja akaja kijana anaitwa Elia, tabibu wa zahanati katika kijiji kimoja njia ya Mvumi. Mwembamba, mpole, anaongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Alikuwa na pikipiki kama zetu, aliachiwa na baba yake, na ndiyo iliyokuwa ikimfikisha kwa wajawazito na watoto wa chanjo vijiji vile vya ndani. Ekseli ya gurudumu la mbele, kile chuma kinachopita katikati na kulishika, ilikuwa imepinda vibaya.

"Shikamoo, fundi. Wenzako wananiambia wewe hushindwi."

Je, ningesema nini? Madukani zilikuwepo ekseli za pikipiki za Kijapani tu. Ya kwake haikupatikana Dodoma nzima. Ningemwambia, "Kijana wangu, hii imenishinda, niachie mwezi mmoja nitafute," angeelewa. Badala yake nilimwambia arudi baada ya siku tatu. Kwenye chuma chakavu nilikuwa na ekseli moja ya aina ile, yenye ufa. Nikaichomelea, nikaipiga tupa, nikaipiga msasa mpaka ikang'aa, nikaipaka mafuta. Kila fundi anajua kwamba ekseli haichomelewi. Chuma kikishaungua kando ya weldi kinakuwa kama biskuti, utakiona kizima mpaka siku kitakapokatika. Nilijua. Nikagonga nukta zangu tatu.

Elia aliishika kiganjani, akaigeuza. "Hii ni mpya, fundi?"

"Mpya kabisa. Imetoka Dar."

Akanishukuru kwa mikono miwili.

Wiki tatu hazikupita. Alikuwa anashuka kwenye korongo lililo kabla ya kijiji chao, gurudumu la mbele likachomoka, akarushwa kwenye mawe. Tulikwenda mazikoni wazee wote watatu. Kwa kuwa mimi ni fundi, wakaniomba niitazame pikipiki, ilikuwa imeegemezwa nyuma ya nyumba. Nilikwenda peke yangu. Ekseli ilikuwa imekatika pale pale kwenye weldi, imekatika safi kama muhogo mkavu. Nikachomoa vipande viwili nikavitia mfukoni. Niliporudi, askari aliniuliza, nikasema breki zilikuwa nzima, nadhani alikuwa anamkwepa ng'ombe. Ng'ombe wapo kila mahali njia ile. Watu wakatikisa vichwa, wakakubali.

"Umeona nini kule nyuma?" Chedego aliniuliza tukiwa tunaondoka.

"Hakuna kitu."

Alinitazama kidogo, akawasha pikipiki yake. Usiku ule nilivitumbukiza vile vipande kwenye shimo la choo changu, nikasikia vikigonga chini. Kumbuka hilo, nilivisikia kwa masikio yangu.

Tangu hapo niliikwepa njia ya Mvumi miezi sita. Nilikuwa na visingizio vyangu, mara mgongo, mara wateja. Kisha Chedego akatuita kwake. Alikuwa amepata pistoni mpya ya kweli kutoka kwa mtoto wake aliye Nairobi, akataka tuifunge pamoja, mke wake atachinja kuku. Swalehe alikuwa amekwenda msibani Kondoa. Kukataa tena kungekuwa matusi. Nikaondoka mjini saa tano asubuhi.

Nilipofika lile korongo, injini ikazima. Haikukohoa, haikudunda, ilizima kama mtu aliyezibwa mdomo. Nikasema, aa, petroli. Petroli ipo. Nikafungua plagi, nikailaza juu ya silinda, nikapiga kiki nione cheche. Hakuna. Nikabadili plagi. Hakuna. Nikasafisha pointi za magineto kwa kipande cha msasa. Hakuna cheche, na jasho linaniingia machoni. Hapakuwa na upepo. Hata wale ndege wadogo wa kwenye migunga walikuwa kimya.

"Mbukwa, fundi. Shikamoo."

Nikageuka kwa ile salamu ya Kigogo. Kuna mtu amekaa kwenye kivuli cha mgunga, hatua kumi hivi kutoka nilipo. Amevaa kofia ngumu na miwani ya vumbi, kitambaa kimefunika pua na mdomo, kama tunavyovaa sote wenye pikipiki. Shati la kaki limejaa vumbi. Nyuma yake pikipiki imesimama.

"Marahaba," nikasema. "Umenishtua. Sikukusikia ukija."

"Nilikuwepo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Moto haupo?"

"Haupo kabisa."

"Tazama ule waya unaokwenda kwenye swichi ya kuzimia. Chini ya tangi. Umechubuka, unagusa bodi."

Niamini, hakusogea alipokuwa. Hakuinama kutazama. Nikalegeza tangi, nikaingiza vidole, na kweli, ganda la waya lilikuwa limeliwa pale unapopita kwenye fremu, shaba imelala juu ya chuma. Moto wote ulikuwa unapotelea hapo. Nikakata utepe wa mpira wa tyubu, nikauzungushia. Nikapiga kiki, injini ikaitika mara moja. Nikacheka kwa furaha, nikasema, "Kijana, wewe ni fundi mwenzangu!"

"Hapana," akasema. "Sasa nitazame na yangu. Gurudumu la mbele."

Ningekataaje? Nikazima injini yangu, nikaifuata pikipiki yake. Nilikuwa bado ninacheka. Nikaweka mkono kwenye silinda kama tunavyofanya wote, kupima joto. Ilikuwa ya baridi. Sisemi haikuwa ya moto, nasema ya baridi, kama mtungi uliolala ndani, na jua lile lilikuwa linachoma mpaka kiatu. Nikavuta pumzi. Pikipiki yoyote inanuka, petroli, oili, mpira. Hii haikunuka kitu. Nikatazama mchanga nyuma yake, na hapakuwa na alama ya tairi, wala ya mguu wa mtu.

Utaniuliza, mbona hukukimbia? Nami nimejiuliza miaka yote hii. Jibu ni kwamba mikono yangu ilikuwa imeshaanza kazi. Spana ilikuwa kwenye nati, nati inalegea, na mimi ninaitazama kama mikono ya mtu mwingine. Ekseli ikatoka laini. Nikaifuta kwa kitambaa. Ilikuwa nzima, inang'aa, na kwenye kichwa chake kulikuwa na nukta tatu.

Alikuwa amesimama karibu yangu. Sikumsikia akisimama.

"Hii ni mpya, fundi?"

Sasa hapa ndipo ninapoomba usinihukumu upesi, ingawa unayo haki. Nilijua ni nani anayeniuliza. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Na ningeweza kuanguka magotini nikasema, "Elia, nisamehe, nilikudanganya." Lakini lililotoka ni lile lililokuwa limezoea kutoka.

"Mpya," nikasema. "Mpya kabisa."

Akatikisa kichwa polepole, kama daktari aliyesikia alichokuwa anakitegemea.

"Basi haitakuwa na neno," akasema. Akainyoosha mikono yake miwili, akaipokea ekseli ile kutoka kwangu vilevile alivyoipokea siku ya kwanza. Kisha akanipita, akaketi juu ya pikipiki yangu, akapiga kiki moja. Ikawaka. Akapanda upande wa pili wa korongo, vumbi likamfunika, nikabaki ninasikia mlio wa pikipiki yangu mwenyewe ukienda mbali kuelekea kwa Chedego.

Nilipogeuka, chini ya mgunga hapakuwa na pikipiki. Spana yangu ilikuwa imelala mchangani.

Nikaanza kutembea, siyo kwa ushujaa, ni kwa sababu sikutaka kubaki pale. Nilitembea kama saa nzima, midomo imepasuka, ninajisemesha. Mara nikasikia pikipiki yangu inarudi. Baba yangu angefufuka akaniita nisingemtambua upesi kama nilivyoutambua mlio ule. Nikasimama katikati ya barabara. Mbele yangu palikuwa na tambarare ndefu, na aliyeiendesha hakuwa na kofia ngumu wala miwani. Alikuwa Mzee Chedego, kofia yake ya pama kichwani, ameinua mkono mmoja ananipungia, meno nje, mwenye furaha ya mtu aliyempata rafiki yake mzima.

Nikapiga kelele. Nikapunga mikono yote miwili: simama, simama! Yeye akadhani ninamsalimu. Akaongeza mafuta.

Palikuwa na bonde dogo tu la maji ya mvua, la kawaida, lisilomwangusha mtu. Gurudumu la mbele likaingia, likatoka, kisha nikaliona likiinama pembeni peke yake na kuacha pikipiki. Chedego alianguka kwa upande wa kushoto, na pikipiki nzima, zile kilo zote za chuma cha Kiingereza, ikamlalia mguu na kumburuta.

Sijui niliiinuaje peke yangu. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti, mfupa uko nje, umejaa mchanga. Nikavua shati nikamfunga juu ya jeraha. Alikuwa na fahamu zake.

"Kijana wako ameileta uani," akasema, anahema. "Amesema umekwama njiani, nikufuate. Hakutaka hata maji ya kunywa. Ni nani yule?"

Macho yangu yalikuwa kwenye gurudumu lililolala hatua chache kutoka kwetu. Nusu ya ekseli ilikuwa bado imo ndani. Nikaichomoa. Imekatika kwenye weldi, na upande wa kichwa kuna nukta tatu. Ekseli yangu mwenyewe ya asubuhi, ile ya kiwandani ambayo niliipaka grisi kwa mkono wangu, haikuwepo, na sijaiona mpaka leo.

Na nitakwambia jambo ambalo mke wangu hapendi nilitaje. Nilitazama vichaka. Rafiki yangu yuko chini anavuja damu, na mimi napima kwa macho ni kichaka kipi kitafaa kutupia.

"Ni nini hicho?" Chedego akauliza.

Alikuwa ananitazama kama alivyonitazama siku ya mazishi. Safari hii nikapiga magoti kwenye mchanga, nikamwekea kipande kile kifuani, nikamwambia yote. Ufa, weldi, msasa, mfuko wa suruali, choo. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Alisikiliza, amefumba macho, kama anavyosikiliza injini.

"Ungeniambia siku ile ile," akasema. "Tungekwenda wote kwa mke wake."

Watu waliokuwa wanatoka shambani walitukuta, wakaleta mkokoteni wa ng'ombe, na baadaye gari likapatikana. Hospitalini walijitahidi siku nne kuuokoa mguu, lakini uchafu ulikuwa umekwisha kuingia kwenye mfupa. Wakaukata juu ya goti. Mke wa Chedego alikuwa ananiletea chai pale kwenye benchi, ananishukuru kwa kukesha na mumewe, na mimi naipokea. Hakuwa ameambiwa. Siku ya tano Chedego alimwambia mwenyewe, na chai ikakoma. Nilimwona ana haki.

Swalehe aliporudi kutoka Kondoa nilimweleza kila kitu. Hakunikemea. Akasema, "Vaa viatu, twende." Tukaenda kwa mjane wa Elia, Mama Neema. Alikuwa anapepeta mtama. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nisingeweza kukaa kwenye kigoda chake. Sikumweleza habari ya korongo wala kijana mwenye kitambaa. Nilimweleza ekseli tu.

Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema, "Ng'ombe uliowasema kwa askari walikuwa wa Mzee Masima. Hapa hakuna wengine wanaochunga upande ule. Unajua walimfanyaje?"

Sikujua.

"Walimtenga. Hata maji kisimani wake zake walichota peke yao. Na mimi nilikuwa wa kwanza, nilimtemea mate mbele ya watu. Amehama, amekwenda Kibakwe kwa dada yake na uzee ule. Nenda ukamwambie yeye kwanza, halafu ndiyo urudi kwangu."

Nikaenda Kibakwe wiki ile ile, kwa basi. Nilimkuta dada yake. Mzee Masima alikuwa amezikwa siku kumi na mbili nyuma. Nilikaa juu ya kilima kilicho nyuma ya nyumba ile, kati ya mahindi ya watu, nikahesabu siku kwa vidole: siku niliyosimama korongoni, alikuwa bado hai. Kama ningelisema neno lile moja la kweli chini ya mgunga, ningewahi.

Nilirudi kwa Mama Neema, nikamwambia na hilo. Akaingia ndani, akafunga mlango. Nilikwenda polisi, wakaandika, wakaniambia nitaitwa. Sijaitwa. Ungefikiri ni nafuu, lakini sivyo. Ningelala vizuri zaidi kama wangeniita.

Gereji niliifunga. Siku hizi natengeneza baiskeli, na ikija yenye fremu iliyopasuka nairudisha, nasema imenishinda. Ni maneno mepesi sana, sijui kwa nini zamani yalikuwa mazito. Chedego bado yuko, anatembea kwa magongo. Tunasalimiana. Jumapili tuliyokuwa nayo haikurudi tena, na Swalehe aliuza pikipiki yake bila kutuambia.

Wewe unayetengeneza vitu vya watu, kiwe kiti, kiwe dawa, kiwe nyumba, sikiliza. Usifikiri wafu huja usiku tu, na manukato na mbwa wakilia. Wangu alikuja mchana kweupe, akanisaidia kwanza, akaniamkia kwa heshima. Akikuuliza lolote, mjibu kweli hapo hapo. Usiseme utajirekebisha akikuuliza tena. Mimi sikuulizwa tena.